Nani Aliyeandikisha Deni?

Uchaguzi unapokaribia, sisi wanafunzi hubishana mpaka usiku wa manane juu ya nani apewe kura. Mimi naona kuna swali linalotangulia hilo: huyo tutakayemchagua, fedha za nchi zitakuwa mikononi mwake au mwa wadai? Kura isiyogusa hazina ni kura ya kumchagua msemaji tu.

Tuitazame Misri, nchi inayokunywa maji yatokayo huku kwetu. Khedive Ismail, aliyeanza kutawala mwaka 1863, alijenga reli, mifereji na shule, na sehemu kubwa aliijenga kwa mikopo ya Ulaya. Mwaka 1875 aliiuzia Uingereza hisa za Misri katika Mfereji wa Suez kwa takriban pauni milioni 4. Hazikutosha. Mwaka 1876 madeni yaliunganishwa yakafika pauni milioni 91, ikaundwa Hazina ya Deni chini ya wajumbe wa Ulaya. Mapato mengi ya nchi yakawa yanapita kwao kwanza. Aliyelipa kodi ni mkulima, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu wakati wa kukopa.

Mwishoni mwa mwaka 1881, wakati wa vuguvugu la Urabi, baraza la wawakilishi lilikutana. Wawakilishi wale hawakukataa kulipa deni. Walitaka haki ya kupigia kura ile sehemu ya bajeti ambayo haikufungwa na deni, yaani yale makombo yaliyobaki. Uingereza na Ufaransa zikapinga hata hayo. Julai 11, 1882 manowari za Uingereza ziliipiga mizinga Aleksandria. Septemba jeshi la Urabi likashindwa Tel el-Kebir, naye akapelekwa uhamishoni Ceylon. Sababu za uvamizi zilikuwa zaidi ya moja, lakini njia yake ilifunguliwa na deni.

Atasema mtu: deni ni deni, na Uislamu unaamrisha kulipa. Ni kweli. Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni, mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Lakini tuangalie vizuri: Abu Qatada alilibeba kwa hiari yake. Mkulima wa Misri alibebeshwa.

Sisi tukizungumzia mikopo huishia kwenye riba. Riba ni haramu, hilo halina mjadala. Hata hivyo, deni lisilo na riba nalo linaweza kuwa dhuluma likichukuliwa kwa siri kwa jina la watu wengine. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu deni. Inaamrisha liandikwe na lishuhudiwe. Tena anayeandikisha ni mdaiwa mwenyewe, na kama hawezi, basi walii wake aandikishe kwa uadilifu.

Sidai kwamba aya hiyo ilishuka kwa ajili ya bajeti za serikali. Nachukua hekima yake. Katika deni la nchi, mdaiwa ni raia, kwa kuwa yeye ndiye atakayelipa, pamoja na watoto wake. Kiongozi ni walii tu. Walii anayetia saini mkataba ambao mwenye deni haruhusiwi kuusoma hajaandikisha kwa uadilifu, hata kama alichaguliwa kwa kura nyingi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anapokuja mgombea kutuomba kura, tusimuulize atajenga nini tu. Tumuulize atakopa kwa nani, kwa masharti gani, na nani atausoma mkataba kabla ya saini. Mazoezi tuyaanze hapa hapa kwenye jumuiya yetu. Siku mweka hazina anaposoma hesabu za mwaka, ukumbi huwa nusu tupu. Siku ya uchaguzi hujaa mpaka mlangoni.