Gari Lina Viti Viwili Tu

Watu wa Nairobi wakiliona gari langu mara ya kwanza huuliza swali moja: "Nusu ingine umeacha wapi?" Nimeulizwa na makanga, na muuza njugu karibu na Globe, na hata askari wa trafiki aliyenisimamisha bila kosa, nadhani alitaka tu kulitazama vizuri. Ni Smart Fortwo ya mwaka 2010. Urefu wake haufiki mita 2.7. Probox niliyokuwa nayo awali ilikaribia mita 4.2, kwa hivyo hiyo nusu wanayoiulizia ilikuwepo kweli, na najua nilipoiacha.

Niliiacha makusudi. Kwa miaka mitano ya Probox, Jumamosi hazikuwa zangu. Probox haikupi udhuru wowote. Inabeba shangazi watatu, sufuria za matanga, gunia la viazi na kijana wa kushikilia mlango wa nyuma usifunguke. Kila simu ilianza na "si uko na gari", na hilo halikuwa swali. Nilipeleka watu kwenye ruracio, nikarudisha viti vya kukodi, nikangoja nje ya makanisa hadi usiku. Kukataa kulinishinda, kwa sababu ukikataa lazima uchague kusema uongo au kusema ukweli, na kwa jamaa zako vyote viwili vina bei.

Hili gari dogo likanipa njia ya tatu. "Gari lina viti viwili tu." Sentensi safi, haina uongo hata kidogo, na hakuna anayeweza kuikasirikia.

Kuliendesha ni raha, siwezi kuficha. Linageuka kwenye kichochoro ambacho Probox ingehitaji kwenda mbele na kurudi mara tatu. Linaingia kwenye mwanya ambao wengine wameupita wakidhani ni wa pikipiki (ingawa kanjo hawajali urefu, nalipia kuegesha kama mwenye saluni). Injini iko nyuma, chini ya buti, kwa hivyo sauti inakufuata badala ya kukutangulia. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yamekaribiana mno, basi tuta moja ni hodi mbili za haraka. Na ukitazama kwenye kioo, dirisha la nyuma liko pale pale shingoni. Nyuma yako hakuna mtu, na hawezi kuwepo.

Jioni moja ya mvua nikamwona Mama Brayo, jirani yangu, stejini Kangemi na watoto wake wawili. Nauli ilikuwa imepanda maradufu, kama kawaida mbingu zikifunguka. Nikasimama kabla sijafikiri. Akafungua mlango, akatazama kile kiti kimoja, kisha akawatazama watoto. Yule mkubwa akasema, "Mimi naweza kuingia kwa buti." Mama yake akacheka, akafunga mlango polepole, si kwa hasira. "Enda tu, jirani. Wewe ulishajipanga."

Nilifika nyumbani nikiwa mkavu, na neno hilo limenikaa.

Kuna kanuni, na Kant hutajwa nayo sana, kwamba mtu hadaiwi jambo asiloliweza. Nilikuwa nimejikinga chini ya kanuni hiyo kama chini ya mwavuli. Lakini Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anataja sheria iliyompa mlevi adhabu mara mbili. Alipokosa hakuwa na fahamu zake, sawa, ila kunywa au kutokunywa kulikuwa mikononi mwake. Mimi sikukosa viti kama anavyokosa asiye na gari. Nilikwenda kwa muuzaji nikalipa pesa taslimu ili nikose viti. Nilinunua kutoweza.

Na si mimi pekee. Najua msee anayeishi bedsitter ilhali mshahara wake unatosha vyumba viwili, kwa sababu chumba cha pili kingepata binamu kabla ya kupata pazia. Najua dada anayefungia pesa zake mahali hawezi kuzitoa kabla ya mwaka kuisha, ili akiombwa mkopo aseme "zimefungwa" na iwe kweli. Siwalaumu. Mtu asiyejua kusema hapana huishia kujenga hapana ya mabati na saruji. Swali langu ni kama hapana hiyo bado ni yake. Kuta hazichagui. Probox ilinilazimisha nimtazame anayeomba na kupima: huyu ana shida, huyu amezoea. Sasa sipimi mtu. Mama Brayo na yule binamu anayetaka kusafirisha kreti za soda wanapata jibu moja.

Utaniambia nitazame Barabara ya Waiyaki saa mbili asubuhi: gari la viti saba, ndani dereva peke yake, vioo vyeusi. Je, si huyo ndiye mchoyo, anayechukua barabara ya watu saba? Hoja ina uzito, na nimeitumia mara nyingi nikijitetea. Hata hivyo yule anaweza kusimama kesho. Mlango wake bado unaweza kumfungulia Mama Brayo na wanawe wote.

Upande mwingine sikuutarajia. Baba yangu, kwenye Probox, alipenda kukaa nyuma na gazeti. Nilipompeleka kliniki kwa hili dogo hakukuwa na nyuma. Mabega yetu karibu yagusane. Tulipofika Uthiru akaanza kunieleza habari za kaka yake aliyefariki kabla sijazaliwa, jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani. Alizungumza hadi Kikuyu.

Wiki jana binamu akapiga. Harusi Murang'a, si niko na gari. Nikaanza ile sentensi yangu, halafu nikaongeza, "Lakini mtu mmoja naweza kumbeba."

"Sawa," akasema. "Nani?"

Nilikuwa sijafika hapo.