Mwenye Kutangaza Upepo Ana Dhamana Gani?

Kagugu ni kilima katika wilaya ya Gasabo, jijini Kigali, na bahari iliyo karibu nasi iko mwendo wa kilomita elfu moja na ushei. Hata hivyo, sisi tunaofundisha Kiswahili hapa hatuwezi kuukwepa upepo wa pwani. Lugha hii, iliyofanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, imejaa tanga na mrama, joshi na demani. Mwalimu akitaka asitake, siku moja atasimama mbele ya watoto wa milimani na kuwaeleza kusi ni nini.

Katika somo la namna hiyo, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo. Nilikuwa nimewasimulia habari za Paje, mashariki ya Unguja, ambako vijana huteleza juu ya maji kwa ubao wenye tanga, na wengine huvutwa na vishada vikubwa. Niliwaambia kwamba kila asubuhi watu hao hupashana habari: upepo unatoka wapi, una nguvu gani, maji yanajaa au yanakupwa. Akanyanyua mkono: "Mwalimu, yule anayewaambia wenzake kuwa leo upepo ni mzuri, na mmoja wao akazama, je, ana kosa?"

Nilijibu upesi kwamba hana. Mtu mzima mwenye akili timamu huingia majini kwa hiari yake, na aliyesema kweli hadaiwi. Darasa likaridhika. Mimi sikuridhika, na ndiyo sababu ya makala haya.

Tulitazame kwanza neno lenyewe, "mzuri". Paje hupata kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi iliyokomaa kuanzia Juni hadi Septemba. Pepo zote mbili hupita kando kando ya ufuko, na mwamba wa matumbawe ulio mbele huyavunja mawimbi. Upepo wa kilomita thelathini kwa saa ni karamu kwa fundi wa ubao; mgeni aliyeshika tanga kwa mara ya pili utamwangusha mpaka achoke, na mwenye kuchoka majini yumo hatarini. Kwa mama anayefunga mwani wake katika maji hayo hayo, upepo huo maana yake ni vishada kupita karibu na kichwa chake. Basi ukisema "upepo ni mzuri" umesema kweli, lakini ni kweli ya nani? Neno moja limeingia katika masikio matatu likawa mambo matatu.

Hapa sina budi kukiri jambo langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliwapeleka vijana Gisenyi, kwenye ziwa Kivu. Kulikuwa na mitumbwi ya kukodi, na wenzangu, kwa kuwa wanajua nimezaliwa pwani, wakaniuliza: "Mwalimu, wewe ndiwe mtu wa maji, upepo ukoje?" Nikatazama ziwa. Ilikuwa mapema, maji ya kando yametulia kama yamemiminwa sinia. Nikasema kwa kujiamini kwamba upepo ni mdogo, waende. Na kweli pale tuliposimama ulikuwa mdogo. Lakini asubuhi hewa baridi huteremka kutoka milimani kwenda ziwani. Ufukweni huihisi, kwa maana miti na nyumba zinakukinga, na kadiri unavyojitenga na nchi kavu ndivyo inavyokusukuma. Mtumbwi wa vijana wetu wanne ulizidi kwenda huku wao wakipiga kasia kurudi. Wavuvi waliokuwa wakitoka kuvua sambaza usiku ndio waliowavuta. Mmoja wao, mtu wa makamo, alinitazama akasema bila ukali: "Mzee, asubuhi mlima unasukuma. Kila mtu hapa anajua."

Aibu yangu ilikuwa na tabaka la pili. Upepo huo una jina katika Kiswahili. Wazee wetu waliuita umande, upepo utokao bara, na wavuvi wa ngalawa hutoka nao alfajiri wakarudi na matlai mchana. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo miaka mingi, hasa kwa maana yake nyingine ya matone juu ya majani. Nililijua neno, sikukijua kitu.

Je, nilikuwa na kosa? Sikusema uongo. Lakini niliulizwa kwa sababu waliniamini, nami nikajibu kana kwamba imani yao ni ujuzi wangu. Naona hapo ndipo dhamana inapoanza.

Mtu anaweza kusema: basi heri kunyamaza. Jambo hili limepata kujaribiwa. Oktoba 1859 merikebu iitwayo Royal Charter ilivunjika kwa tufani katika pwani ya Wales, wakafa watu zaidi ya mia nne. Robert FitzRoy, nahodha aliyewahi kumchukua Charles Darwin katika Beagle, alianza mwaka 1861 kupeleka maonyo ya dhoruba bandarini kwa simu ya waya, na mwaka huo huo utabiri wake ukachapishwa katika gazeti la Times. Alikosea mara nyingi, akadhihakiwa. Mwaka 1865 alijiua, kwa sababu nyingi ambazo si haki kuzirundika zote juu ya kejeli. Baada yake wataalamu walipima kazi ile wakaona haina msingi wa kutosha, na mwaka 1866 maonyo yakasimamishwa. Waliolalamika ni watu wa bahari. Mwaka 1867 maonyo ya dhoruba yakarudishwa.

Wataalamu wale hawakuwa wapumbavu. Walisema asiyejua kwa yakini asiseme. Mimi nawaunga mkono mabaharia. Bandari iliyozoea kupata onyo, siku isipopata huamini kuwa kumetulia. Kwa hiyo aliyekwisha kuwazoesha watu sauti yake hawezi tena kunyamaza pasipo kuwaambia kitu. Lakini naweka sharti moja: shaka nayo itangazwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapoonya juu ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili, hueleza pia kama uwezekano wa kutokea ni mdogo, wa wastani au mkubwa. Wapo wanaoicheka kauli hiyo na kuiona ni njia ya kukwepa lawama. Mimi naiona ni adabu, kwani msikilizaji amepewa na sehemu yake ya mzigo.

Nilirudi darasani nikamwambia yule mwanafunzi kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka, nikawasimulia habari ya Gisenyi, na ya mvuvi pia. Walicheka sana. Siku hizi, upepo wa kiangazi unapotimua vumbi jekundu juu ya kiwanja chetu, huja kuniuliza kabla ya mchezo, nusu kwa utani: "Mwalimu, upepo ukoje?" Nami huwauliza kwanza ni nani atakayekuwa golini, na upande gani.