Tembo, Siki na Saa ya Kuhukumu

Wanafunzi wetu hukutana na tembo mapema, katika methali ya mgema ambaye akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi walimu hufafanua majivuno ya fundi, kisha tukapita. Ni nadra kwetu kusimama na kushangaa kwamba katika pwani ya Waislamu tembo lilikuwa na fundi wake, na kwamba fundi huyo alisifiwa.

Tuchukue Olumbi, tarafa ya wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Penye minazi, kugema ni kazi ile ile pwani nzima: karara ambalo halijafunguka hufungwa, ncha yake hukatwa, na utomvu hudondoka kibuyuni. Karara lililogemwa halizai. Mgema ameuza nazi za kesho kwa kinywaji cha leo. Kinachodondoka ni maji matamu yasiyolevya. Lakini joto la pwani halingoji. Saa chache zatosha kulifanya tembo kuwa kali, na zikipita siku kadhaa ukali nao hugeuka, ikawa siki. Kusini mwa Uingereza, ambako mashamba ya zabibu yamepanuka katika miongo ya karibuni, zabibu huiva polepole kwa sababu ya baridi, na mvinyo hukaa miezi, pengine miaka, kabla ya kunywewa. Mtengenezaji wa huko ana nafasi ya kufikiri. Mgema hana.

Basi maji ya asubuhi ni halali, ya jioni ni haramu, na ya siku za baadaye ni halali tena. Je, ni kitu kimoja au vitatu? Lugha yetu imeipa siki jina lake, lakini tembo tamu na tembo kali imeyaacha chini ya jina moja, ingawa sheria imeyatenga. (Neno mvinyo, tulilopewa na Wareno, lilitufikia likiwa kileo tayari, halina asubuhi.) Anayehukumu kwa jina peke yake atakosea, ama kwa ukali ama kwa ulegevu.

Madhehebu ya Kishafii, yenye wafuasi wengi pwani, yamelitazama jambo hili kwa makini: kileo kilichogeuka siki chenyewe ni safi, kilichotiwa kitu ili kigeuke hakisafiki. Wahanafi huyakubali yote mawili. Twaona kwamba Washafii hawakuipima siki tu, bali mkono wa mtu pia.

Tukiurudisha mkono huo kwenye kibuyu, mgema atasema hakutia kitu, tembo limejigeuza. Ni kweli, wala hatuoni kwamba ukweli huo wamtosha. Aijuaye saa na akangoja, kungoja kwake ni kitendo. Ndivyo ilivyo pia kwa mnunuzi aliyelichukua likiwa tamu alfajiri akaliweka hadi usiku, na mzigo wake kwetu ni mzito zaidi.

Swali la nani ahukumu si la barazani tu huko. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, maelfu ya watu waliyakimbia makazi yao mbele ya wenye silaha waliodai kuhukumu kwa jina la dini. Watu hao hawakuwa wameinama juu ya kibuyu cha mtu yeyote kunusa kilichomo.