Kosa la Jirani

Je, ni haki kumfungia mtu mlango kwa kosa la jirani yake? Kituo chetu cha vijana kina seva ndogo ya barua pepe. Juzi barua za vijana wanaoomba nafasi za masomo zikaanza kurudi na namba 550, yaani zimekataliwa. Hatujatuma barua taka hata moja. Ila anwani yetu iko kwenye fungu la anwani 256 zinazofuatana, na humo jirani mmoja amechafua. Kampuni kubwa ikafunga fungu zima.

Watasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kweli, barua taka ni nyingi, nani atazipima moja moja? Hata wazee wetu Wakongo walipofika hapa Nyarugusu mwaka 1996 walipokelewa kwa kundi. Lakini kundi lile lilifunguliwa mlango. Kufunga ni tofauti: asiye na kosa anaumia, na tarehe ya mwisho ya maombi haimsubiri.

Basi anayefunga kwa kundi ana deni, aweke mtu wa kusikiliza mmoja mmoja. Sisi tumejaza fomu mara tatu, inajibu mashine. Nasi tukitaka kumnyima kijana mpira eti zoni yao ina fujo, tujiulize kwanza: yeye mwenyewe tumemsikiliza?