Ramadhani, Siku ya 23: Mlima na Mbeba Mzigo



Ndugu zangu, kuna vijana wa mtaani wanachangishana nauli, baada ya Idd waende kuuona Mlima Kilimanjaro. Wameniuliza: sheikh, hiyo si israfu? Nasema nendeni. Katika Suratul Ghaashiya, Allah (s.w.) anatutaka tuitazame milima jinsi ilivyosimamishwa. Toeni kwanza Zakatul Fitri, sala msiiache njiani, kisha safari njema.

Hifadhi ile ina njia nyingi. Upande wa Shira hata gari hupanda. Ukiingia lango la Marangu, unatembea msituni mpaka kituo cha Mandara, takriban mita 2,700, na jioni umesharudi. Lakini anayetaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hulala mlimani siku kadhaa, na hapo lazima awepo mpagazi. Chakula, jiko, begi lako, vyote kabeba yeye.

Sisi wa Kariakoo tumjue mtu huyo. Jina la mtaa wetu limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi katika wapagazi wa vita ile walikufa kwa maradhi na uchovu. Tunafanya biashara juu ya jina lao.

Basi ukitajiwa bei ya kupanda mlima iliyo rahisi kupita kiasi, usishangilie. Uliza: mpagazi analipwa nini? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayemtumikisha mtu kisha akamnyima ujira wake, hasimu wake Siku ya Kiyama ni Allah Mwenyewe. Utakuwa umeuona mlima, na mja wa Allah aliyekubebea mzigo hukumuona.

Na mtihani huu hausubiri Kilimanjaro. Kumi hili la mwisho, kuli anakubebea robota Mtaa wa Kongo, jua kali, naye kafunga. Mmepatana elfu tano, mkifika unampa elfu tatu: "Nyingine kesho, bwana." Sasa swaumu yako imekufunza nini?

Amali ya leo: kama kuna kuli, msukuma mkokoteni au dada wa kazi anayekudai, mlipe kabla ya adhana ya Magharibi. Afuturu na haki yake mkononi.

Allah atutakabalie swaumu zetu na atuepushe na dhulma. Aamiin.