Kigugumizi Hakiitwi

Wajukuu zangu, nawasikia mkimwita mwenzenu "Kigugumizi", naye anaitika, nanyi mnadhani ameridhia. Hakuridhia. Amechoka kubishana, na kubishana kunataka ulimi mwepesi.

Neno hilo mnalolirusha ovyo lilitungwa na watu wenye sikio. Kugugumiza ni kusema kwa kukwamakwama, na linakaribiana na kugugumia, yaani kunywa mafunda makubwa mpaka koo lisikike. Gu-gu hiyo ni sauti yenyewe imenaswa. Waarabu nao walifanya vivyo hivyo: anayekwama kwenye herufi ta wakamwita taataa, wa fa wakamwita faafaa. Warumi walisema balbus, na kwao lilikolea hata likawa jina la ukoo. Lucius Cornelius Balbus alikuwa konsuli wa Roma mwaka 40 kabla ya Kristo, na jina hilo huenda alilibeba kwa sababu ya ulimi wa mtu mwingine kabisa.

Kiswahili kilikataa kufika huko. Asiyeona ni kipofu na hali yake ni upofu. Asiyesikia ni kiziwi na hali yake ni uziwi. Lakini kigugumizi kimewekwa pamoja na kikohozi, kizunguzungu na kiharusi. Mtu anacho, yeye mwenyewe si hicho. Hakuna aliyewahi kumwita jirani yake Kikohozi, hata kama anakohoa usiku kucha.

Magazeti nayo yametuharibia. Mkubwa akiulizwa fedha za umma zimekwenda wapi, utasoma kwamba "amepata kigugumizi". Huyo ulimi wake mzima kabisa, anatafuta uongo tu! Matokeo yake, kijana mwenye kigugumizi cha kweli akikwama mbele ya mwalimu au askari, anadhaniwa anaficha jambo.

Wala msiseme ni woga au upungufu wa akili. Mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, mtoto anapojifunza kuunga maneno, na wengi hupona wenyewe. Huandama baadhi ya koo, na huwakamata wavulana zaidi ya wasichana. Wengi wenye hali hiyo wakiimba hawakwami.

Jina ndilo ninaloliogopa, na nina sababu. Mwaka 1939, huko Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Mary Tudor alifanya jaribio kwa watoto yatima 22. Msimamizi wake alikuwa Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Baadhi ya watoto waliokuwa wakisema vizuri waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi, wajichunge, wasifungue kinywa mpaka wawe na hakika. Hawakugeuka kuwa na kigugumizi hasa, ila walianza kuuogopa usemi wao wenyewe. Waliokuwa wachangamfu wakanyamaza. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001, watoto wale wameshakuwa wazee kama mimi. Hao hawakuwa na tatizo lolote, walipachikwa neno tu. Sasa pimeni huyu wenu, ambaye tatizo analo na neno mnamwongezea.

Basi akianza kusema, mtazameni usoni kama mnavyomtazama mtu yeyote, mngoje. Msimwambie "tulia" wala "vuta pumzi", pumzi anazo. Na msimmalizie neno. Mnakisia, mnakosea, naye kwa uchovu anakubali: alitaka kuku, mmemwagizia kisamvu, akala kisamvu.

Na ile sauti yake mliyoirekodi mkairusha kwenye kundi lenu la WhatsApp, ifuteni kabla ya magharibi. Simu nitazikagua mwenyewe. Miwani ninayo.