Deni Letu kwa Mzazi

Mtoto azaliwapo, nyumba hujaa wageni. Wote humwinamia mtoto, wakabishana pua yake ni ya upande upi; mama aliyemzaa huulizwa tu kama maziwa yanatoka. Akionekana analia, jirani hakosi kusema: “Mungu amekupa mtoto mzima, nawe walia? Huna shukrani!”

Neno hilo twalikataa. Kukosa shukrani ni kosa la hiari, na huzuni hii haina hiari. Wanawake wengi hulemewa na machozi yapata siku ya tatu baada ya kujifungua, na kwa kawaida hali hiyo hupita kabla ya juma la pili kwisha. Isipopita, mama akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akajiona hafai kitu, huo ni ugonjwa kama homa ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wazazi wapatao 20 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Naye asikiaye sauti zisizokuwapo, au anenaye habari za kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku ile ile, pasingojewe kesho.

Wazee wetu walijua jambo. Pwani mzazi alikaa ndani siku 40. Uchagani alilishwa mtori, kazi zake zikafanywa na wengine. Leo binti ameolewa mjini, chumba kimoja cha kupanga, mama yake yu mbali safari ya siku nzima. Hatusemi kila desturi ya kale ilikuwa njema (nyingine zilimfunga mwanamke kuliko kumpumzisha). Twauliza tu, kazi ile ya mikono kumi sasa ni ya nani?

Wako wasemao kumsaidia mzazi ni hisani. Sisi twaona ni deni, maana mtoto ni wa ukoo mzima, nao ukoo hauna haki ya kumpokea yeye na kumwacha aliyemleta. Mama mkwe ajaye kutoka kijijini aje kupika, asije kupikiwa. Lakini mdeni wa kwanza ni mume. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa baba mwajiriwa walau siku 3 za likizo yenye malipo. Tusiulize ni wangapi walizimalizia kilabuni wakipongezwa. Azitumie kufua nepi, kuchota maji, na kumbeba mtoto usiku, mkewe apate kulala saa nne mfululizo. Na siku hizo zikiisha, usiku ungali wake.